Mama Mapazia na Jiko la Kioo

Tarehe 6 Machi

Baba,

Shikamoo. Yale ya "mimi mzima, hofu ni kwako" nayaruka, maana hofu yangu unaijua. Dereva wa mizigo ameniambia jiko limefika salama, na kwamba ulimvulisha viatu kabla hajaliingiza ndani. Nimemwonea huruma. Simu tuiache. Juzi nilipiga kelele mpaka wenzangu wakadhani nimepata msiba, nawe ukawa unajibu "nzuri, nzuri" kwa kila swali. Mashine za kukamulia nguo zilikuibia masikio, lakini macho bado unayo, basi tuandikiane.

Jiko hilo wanaliita la induksheni. Halina moto. Kioo chenyewe hakiwaki, ila chini yake kuna sumaku inayoipasha sufuria, ndiyo maana nimekutumia na sufuria mbili za kulifaa. Zile za alumini za marehemu Mama halitazitambua. Tangu siku ile uliposahau gesi wazi ukaenda zako sokoni sijalala usingizi wa maana, kwa hiyo nashukuru umempa jirani lile jiko la zamani kama nilivyokuomba.

Kulitunza si kazi kwa mtu kama wewe, ila lina masharti. Subiri lipoe. Kitambaa laini, maji ya uvuguvugu, tone la sabuni ya vyombo, halafu ulikaushe. Ikibaki duara nyeupe, hiyo ni chumvi ya maji, ipanguse kwa siki. Kitu kikiungua, pakaza magadi yaliyolowa, uyaache kidogo. Sukari ikimwagika usingoje ipoe kabisa, ikwangue kwa wembe ulioulaza, ikigandia inang'oka na kioo. Chuma cha kusugulia sufuria kisilisogelee, na sufuria uinyanyue, usiiburute. Hapa hosteli nasafisha majiko kama hayo tangu asubuhi mpaka miguu inavimba, kwa hiyo sikusimulii ya kusoma.

Mkataba wangu unaisha mwisho wa Novemba. Safari hii naumaliza, nachukua cheti, narudi nyumbani kutafuta kazi ya karibu. Nivumilie.

Mwanao,
Kibanio

*

Tarehe 19 Machi

Kibanio,

Marahaba. Wewe mtoto uliyezaliwa juu ya matita ya mashuka ya watu ndiye leo wa kunifundisha mimi doa? Haya, dunia imegeuka. Nimekubali kufundishwa.

Jiko ni zuri. Nimeliweka pale dirishani lilipokuwa la gesi, na nimelikatia kitambaa chake peke yake, fulana yangu ya pamba iliyochakaa vizuri. Kitambaa cha jiko hakifuti meza na cha meza hakifuti jiko. Naanza pembeni naingia katikati, kama mtu anayepiga pasi kola. Nikimaliza nainama nalitazama kwa upande ili mwanga ulale juu yake. Ukilitazama kwa juu tu litakudanganya, kama shati jeusi.

Jana nilipika maharage yakaiva upesi hata sikuamini. Leo nitapika mchuzi wa samaki. Nakula vizuri, usihangaike. Novemba si mbali. Fanya kazi yako, umalize, usikatize kwa lolote.

Baba yako,
Dobi

*

Tarehe 20 Machi

Dada yangu,

Shikamoo. Nakuandikia wewe kwa kuwa ndiye pekee ninayeweza kumwandikia hili.

Mtoto ameniletea jiko. Si jiko, ni kioo cha kujitazamia. Lakini ni lile lile la sumaku ambalo nesi alitukataza siku ya kutoka hospitali, wewe ulikuwepo, umeshika kiti changu. Alisema mtu mwenye betri ya moyo kifuani asiliinamie likiwa linafanya kazi, akae mbali kiasi cha mkono ulionyooshwa, lisije likakivuruga kile kifaa. Niliona nijaribu. Nikasimama mlangoni na mwiko mrefu kama mtu anayemchokoa nyoka. Nilipolibonyeza likalia "pii" na moyo ukaruka. Labda ni woga tu. Lakini nililizima, na tangu siku hiyo nalifuta tu.

Kwa muuza chai napata mkate na yai. Vinatosha kwa mtu mmoja. Kununua jiko lingine la moto siwezi, nilimwahidi kuwa moto hauingii tena nyumba hii.

Nakuomba usimwambie. Mama yake alipougua aliacha kazi akaja, wakamnyima cheti, akaanza upya na wenzake wadogo kwake kwa umri. Akisikia nina betri atapanda basi la kwanza. Novemba akirudi na cheti chake mkononi nitamwambia mwenyewe, tena nitamvulia shati aone kovu. Naihesabu hiyo Novemba kama mfungwa anavyohesabu siku. Nyumba imekuwa kubwa, Dada. Nazungumza na redio, nayo siisikii.

Mdogo wako,
Dobi

*

Tarehe 2 Aprili

Mdogo wangu,

Marahaba, ingawa hustahili. Mficha maradhi kilio humfichua. Hayo ni maneno ya wahenga, na mimi naongeza ya kwangu: mtu mzima anayekula mkate na yai mbele ya jiko jipya ana lake jambo.

Ungemwambia siku ile ile alipotaja kukutumia jiko. Ulikuwa na mdomo. Sasa ona, umempa mtoto furaha ya uongo, nawe umebaki unakifuta kitu usichokitumia. Ningekuja nikupikie, lakini tangu safari ile ya hospitali haya magoti yangu yanajua njia ya kitandani na chooni tu.

Nitanyamaza mpaka Novemba, kwa kuwa umeniomba na kwa kuwa nilimwona yule mtoto alivyokonda mara ile. Baada ya Novemba usinitafute, nitasema hata mbele ya wageni. Na kunywa dawa.

Dada yako

*

Tarehe 11 Juni

Baba,

Shikamoo. Hapa baridi imeingia na maji ya kusafishia yanachoma vidole. Tunalala wanne chumbani, lakini zamu zetu hazikutani, kwa hiyo wenzangu nawajua zaidi kwa viatu vyao. Si malalamiko, nakueleza tu.

Nina maswali ya kitabibu kuhusu mgonjwa wetu wa dirishani. Ile duara nyeupe huwa inakusumbua? Siki imeisha nikutumie? Kuna michirizi ya kijivu ya sufuria? Na chini, ukiliinua, kuna matundu ya feni. Yachunguze, uyapitishe mswaki mkavu, feni ikiziba jiko linakufa mapema. Niambie vumbi lake likoje.

Nakuuliza kwa sababu napenda kulifikiria. Nikiwa nakwangua sukari ya watu hapa, najiambia saa hizi na Baba naye anafuta lake.

Kibanio

*

Tarehe 25 Juni

Kibanio,

Marahaba. Maswali yako yamenichekesha. Siki chupa nzima, sijaifungua. Duara nyeupe sijaiona tangu jiko lifike. Michirizi ya kijivu hakuna hata mmoja. Mafundi wenzangu waliobaki wakija hapa watadhani limetoka dukani jana.

Matundu ya feni nimeyakagua. Vumbi lipo, lakini kavu, kama la juu ya kabati. Nimepuliza mara moja limeruka lote, mswaki sikuuhitaji. Hivyo ndivyo vitu vinavyotunzwa, binti yangu. Wewe na hao unaowasafishia mje mjifunze kwangu.

Jana nilikula ndizi za kupika na nyama. Leo sijaamua.

Baba yako,
Dobi

*

Tarehe 8 Julai

Baba,

Shikamoo. Barua yako niliisoma nikacheka, nikaisoma tena nikaacha kucheka.

Jiko linalopikiwa haliwezi kuwa hivyo. Sijali unalifuta kwa fulana ya nani. Maji yanayochemka lazima yaache alama hata ndogo. Sufuria lazima ichubue. Na vumbi la feni ya jikoni huwa na mafuta, linanata kama gundi, mimi hulitoa kwa kijiti. Vumbi kavu ni la chumba kisichopikiwa. Wewe ungeweza kunidanganya vizuri tu, ungesema "kuna duara moja imenishinda." Lakini dobi hawezi kukiri doa hata lile la kumwokoa.

Kwa hiyo hilo jiko hujaliwasha. Kama hulipendi ungeniambia. Nililichagua kwa muda mrefu, nikalifunga mwenyewe kwa blanketi langu. Nilikuwa najivunia kwamba walau nakulisha kwa mbali.

Sasa niambie, maharage, samaki, ndizi na nyama vinatoka wapi? Maana hujui kutunga, hivyo vyakula unavila mahali. Baba, kuna mama anakupikia? Ndiyo maana kila nikikuuliza unaniimbia habari za vitambaa? Kama yupo sema. Sitakasirika. Mama ana miaka minne kaburini, na wewe si mti.

Nasubiri jibu, tena lisiwe la kitambaa.

Kibanio

*

Tarehe 20 Julai

Kibanio,

Marahaba. Umenibana, na jina lako umelipata kwa hilo. Ulipokuwa mdogo nikienda kuanika nguo ulikuwa unanikamata suruali kwa nyuma kama kibanio cha kamba, huniachii. Basi ngoja nikuambie.

Yupo mama mmoja. Ni mjane, anashona mapazia, amepanga nyumba ya pili kutoka kwetu. Watu wanamwita Mama Mapazia. Ni mtu wa heshima zake. Anapika kwake, analeta bakuli limefunikwa, basi, hakuna zaidi ya hapo. Sikusema kwa sababu ya haya. Jiko lako nalipenda mno, ndiyo maana silichafui.

Usiwe na wasiwasi tena. Nakula.

Baba yako,
Dobi

*

Tarehe 9 Agosti

Mdogo wangu,

Barua yako nimeisoma nikaomba maji ya kunywa. Mapazia? Katika kazi zote za wanawake duniani umechagua mapazia? Nimecheka peke yangu mpaka mtoto wa jirani akaja kuniangalia, kisha nikalia kidogo, sikufichi.

Nimekuelewa. Mtoto alikuwa analia kwa ajili ya jiko, akakupa uongo mkononi ukiwa tayari, nawe ukaupokea. Lakini uongo una njia zake za kwenda usikoutuma. Huyo mama umemzaa wewe, na mtoto atampenda. Utamuua vipi? Utasema amehama? Amekufa? Tufanye matanga?

Futa hilo neno mapema, wewe ndiye dobi. Doa bichi hutoka, lililopigwa pasi halitoki. Uliniambia mwenyewe hayo siku nilipomwaga chai kwenye gauni la harusi ya mtu.

Dada yako

*

Tarehe 2 Septemba

Baba,

Shikamoo, na mpe Mama Mapazia shikamoo yake. Tangu barua yako ifike nimekuwa mwepesi. Nilikuwa nalala nikikuona umekaa peke yako na ile redio yako bubu. Sasa nakuona una mtu wa kukufunikia bakuli.

Sasa nikueleze jambo. Hapa wananitaka nibaki miaka mitatu zaidi, niwe msimamizi wa usafi wa jikoni zote. Waliniambia tangu Mei, nikakataa kimoyomoyo, sikukwambia, kwa kuwa nilijua narudi kwako. Sasa sababu ya kukataa imeondoka. Nikirudi nitakuwa mtu wa tatu kwenye nyumba ya watu wawili, na wewe utaanza kuona haya kupokea bakuli lako. Wanataka saini yangu katikati ya Novemba.

Nimefikiri nikubali. Unasemaje?

Kibanio

*

Tarehe 16 Septemba

Kibanio,

Marahaba. Msimamizi ni cheo. Hongera. Baba gani atasema hapana? Fanya unavyoona inakufaa, mimi nipo na niko vizuri.

Mama Mapazia amefurahi, anakusalimu.

Jiko ni safi.

Baba yako,
Dobi

*

Tarehe 5 Oktoba

Mama Mapazia,

Shikamoo. Mimi ni binti wa Dobi. Samahani kukuandikia bila kujuana. Bahasha yako nimeiweka ndani ya bahasha ya Baba na nimeifunga kwa gundi, najua hataifungua. Hajawahi kupekua hata mfuko wa shati la mteja.

Kwanza asante kwa kumlisha. Hapendi chumvi nyingi ila hatakwambia. Akisifu chakula mara mbili hakikumpendeza, akinyamaza na kufuta sahani kwa kidole kimempendeza. Akikujibu "nzuri" hakukusikia, rudia upande wa kulia.

La pili ni gumu kidogo, na sina mwingine wa kumwuliza. Wanataka niweke saini ya miaka mitatu hapa. Watu wananipongeza. Mama, mimi sitaki. Kazi naiweza, si hiyo. Ila hapa hakuna anayejua kama nimeamka au sikuamka. Nakula nimesimama pembeni ya sinki kwa kuwa mezani hakuna wa kukaa naye. Juzi ilikuwa siku yangu ya kuzaliwa, nikaisikia mwenyewe tu. Nilikuwa najipa moyo kwamba Novemba nitarudi kumtunza Baba. Sasa ana wewe, nami nashukuru kweli, lakini nimebaki bila kisingizio. Mtu hawezi kurudi nyumbani na kusema nimerudi kwa sababu nina upweke. Ananiona mimi ni jasiri.

Nilimwandikia kuhusu saini, akanijibu mistari mitatu, hongera na kwaheri. Kwa hiyo naona hanihitaji, na pengine ni haki yake, amenilea vya kutosha.

Wewe uko naye karibu. Niambie ukweli kama wa mama kwa mwana. Je, nikirudi, kuna nafasi yangu pale? Kama hakuna nitaweka saini, na wala sitamchukia mtu.

Tafadhali usimwonyeshe hii.

Kibanio

*

Tarehe 20 Oktoba

Binti,

Marahaba. Ni mimi Mama Mapazia. Nimezoea kushona kuliko kuandika, utanisamehe mwandiko. Barua yako imenifikia. Ilikaa mezani siku kadhaa kabla haijafunguliwa, kwa sababu ilikuwa ya mtu mwingine, yaani ilikuwa yangu, na mimi sikuwepo. Sasa nimeisoma.

Umeuliza kama kuna nafasi. Ipo. Ipo nyingi mno, ndiyo taabu yenyewe. Kitanda chako kina shuka lililobadilishwa kila Jumamosi tangu uondoke, na hajalala mtu.

Sasa nikuambie ukweli ulioutaka. Baba yako hali chakula changu. Sijampelekea bakuli hata moja. Anakula mkate na yai kwa muuza chai, naye amesimama kama wewe. Vile vyakula alivyokuandikia ni vile anavyovikumbuka mama yako akivipika.

Mwezi wa Januari alianguka bafuni. Wakampeleka hospitali, wakamwekea betri ya moyo chini ya ngozi, hapa kushoto. Shangazi yako anajua, usimgombeze, aliapishwa. Anaendelea vizuri. Lakini mwenye betri hatakiwi kuinamia jiko kama hilo lako likiwa linawaka, akae mbali kiasi cha mkono ulionyooshwa, na yeye ni mwoga kuliko unavyodhani. Si kwamba hakulipenda. Analifuta kila asubuhi, kwa sababu ndicho kitu chako pekee kilicho karibu. Ilimuuma ulipoandika kwamba hulali usingizi wa maana kwa ajili yake, kisha ikamuuma zaidi ulipoandika kwamba sasa umekuwa mwepesi.

Utauliza kwa nini hakusema. Siku ile uliporudi kumuuguza mama yako, barua ya kukufukuza kazi ilikujia hapa nyumbani. Ulitoka nje kwenye kamba za nguo, ukajifunika uso kwa shuka lililoloa, ukasimama humo muda mrefu. Ulidhani hakuna aliyekuona. Baba yako alikuwa dirishani. Tangu siku hiyo alijiwekea nadhiri kwamba hatakuwa tena sababu ya wewe kusimama vile. Ndiyo hayo. Ukichukia, chukia, lakini si kwamba hakuhitaji.

Mistari mitatu ile aliiandika kwa siku nzima. Alianza "usiweke saini" akachana. Akaanza tena akachana.

Mimi ni mtu wa kupita tu, mimi naweza kusema. Anataka urudi. Si kwa sababu ya moyo. Hata angekuwa na kifua cha punda angetaka urudi. Anataka asikie mtu anafungua mlango bila kubisha. Kama kazi unaipenda, kaa, naye atakuombea heri kwa dhati. Lakini kama unakaa kwa sababu yangu mimi, basi mimi si sababu ya kutosha, mwanangu. Mimi si kitu.

Usimwambie nimekwambia.

Mama Mapazia

*

Tarehe 3 Novemba

Mama Mapazia,

Shikamoo. Barua yako niliisoma kwenye chumba cha kuhifadhia ndoo, nimekaa juu ya ndoo, mlango nimeufunga. Niliimaliza nikaanza upya.

Nina hasira. Mwambie Baba hivyo, kwa maneno hayo hayo, na umwambie upande wa kulia ili asikie. Tangu Januari. Ningempoteza, nami ningekuwa hapa nakwangua sukari na kuuliza habari za feni. Mimi ndiye niliyemtumia kitu cha kumtisha, nikamnyang'anya na kile cha kumlisha, na yeye akaniachia nijisifu. Sitaki kuonewa huruma ya namna hiyo tena. Mwambie kusimama kwangu ndani ya shuka kulikuwa kwangu. Nilikuwa nalia kazi, ndiyo, lakini nilimaliza kulia nikaingia ndani nikamwosha Mama miguu, na siku hizo sijazijutia hata moja.

Lakini nimefurahi kwamba alikusimulia hayo. Sikujua kama anaweza kumsimulia mtu.

Saini sijaweka. Nimemwambia msimamizi mkuu leo asubuhi, na nafasi amepewa mwenzangu. Nilitegemea niumie sana, nimeumia kiasi. Namaliza siku zangu, nachukua cheti, napanda basi la siku inayofuata. Mwambie asije kunisubiri kituoni akasimama juani, aniachie mlango tu.

Jiko asiliwashe mpaka nifike. Nitapika mimi, na yeye atakaa mlangoni, umbali wa mkono ulionyooshwa na mkono mwingine tena, anisimulie chochote. Duara nyeupe zitatokea, na michirizi, na mafuta kwenye feni. Azoee.

Nawe Mama, asante kwa kunisemea na kumsemea. Umenifanyia jambo ambalo sisi wawili lilitushinda. Mwandiko wako ni mzuri kwa mtu wa mapazia. Nikifika na nisikukute, sitamuuliza Baba umehamia wapi.

Binti yako,
Kibanio